Kabla ya kukata waya kwenye E-Class ya marehemu baba, fungua buti

Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Mercedes-Benz E-Class, W211 ya mwaka 2005, iliyoingia nchini kutoka Japani ikiwa imetumika. Injini na gia viko vizuri. Shida yangu ni redio: haina Bluetooth wala USB, ramani ni ya Japani na inaongea Kijapani, na FM inaishia 90. Kwenye vifuniko vya spika pameandikwa Harman Kardon. Fundi mmoja hapa Moshi amenionyesha redio ya Android yenye skrini kubwa. Anasema ni kazi ya nusu siku: atakata plagi ya zamani na kuunga waya moja kwa moja. Je, nimkubalie? Na muziki utakuwa mzuri kuliko wa sasa?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Usimkubalie bado. Fundi wako hakudanganyi. Anachokueleza ni kazi ya kweli, ila ni kazi ya gari jingine. Kwenye Corolla, Noah au Mark II ya kawaida, nyuma ya redio kuna plagi, na kwenye plagi hiyo kuna kila unachohitaji: waya wa moto wa kudumu, waya wa moto unaokuja ukiwasha swichi, waya wa athi, na jozi nne za spika. Ukiwa na plagi ya kugeuzia hukati hata waya mmoja. Usipokuwa nayo unaunga, unazungushia tepu, na mteja anaondoka na muziki wake kabla ya adhuhuri. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi na sina neno baya juu yake.

W211 ni ukoo mwingine. Mercedes walipoitoa mwaka 2002, hawakutumia tena waya za shaba kupeleka muziki kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Waliweka mfumo unaoitwa MOST, ambao ndani yake sauti husafiri kama mwanga mwekundu kwenye uzi wa plastiki wenye unene wa milimita moja. Mafundi tunauita faiba. Redio unayoiona kwenye dashibodi inapeleka mwanga kwa kifaa kinachofuata, hicho kinapeleka kwa mwenzake (kibadilisha CD, simu ya gari, tuna, yaani kipokea mawimbi, ya televisheni kama ipo, na amplifaya, yaani kikuza sauti), mpaka mwanga unarudi pale ulipoanzia. Ni duara. Kila kifaa kina tundu la kupokelea na tundu la kutolea, na kimoja kikinyamaza, vyote vinanyamaza.

Kwa hiyo fundi akikata plagi nyuma ya redio yako, waya za spika alizozizoea hatazikuta. Spika zako zimeungwa kwenye amplifaya, na amplifaya iko kwenye buti.

Nikueleze nililowahi kuliona, ili ujue nazungumzia nini. Iliwahi kuletwa kwangu E-Class nyeusi ya umri kama wa gari lako, bubu kabisa. Redio inawaka, skrini inaonyesha stesheni, lakini hakuna hata mlio. Mwenye gari alikuwa ameshanunua redio mbili, moja mpya na moja ya mkono wa pili, akidhani ya kwanza imeungua. Nilipoitoa redio nikakuta chini yake furushi la tepu nyeusi. Nikalifungua polepole, na mwanga mwekundu ukanimulika kwenye kidole. Aliyetangulia alikuwa ameukata uzi wa mwanga akidhani ni waya, akaumenya, akasokota ncha mbili pamoja kama anavyosokota shaba, kisha akafunga tepu. Ncha zile zilikuwa zimesagika kama mswaki wa mti uliotafunwa wiki nzima. Mwanga ulifika pale ukamwagika kwenye tepu, na duara likafia hapo. Redio zote mbili zilikuwa nzima.

Uzi wa mwanga hausokotwi wala haupigwi solda. Ukikatika, kipande kinabadilishwa, au unaunganishwa kwa kiungio chake maalumu baada ya ncha kukatwa kwa kikatio chenye makali safi. Ncha haiguswi kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuufifisha mwanga. Na haupindwi kona kali. Nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue milimita 25, yaani ukiuzungusha kwenye finjani ya kahawa uko salama, lakini ukiukunja kama kona ya bahasha umeuharibu, hata kama kwa nje hauna alama yoyote. Fundi akisukuma redio mpya kwa nguvu ili ikae sawa, mara nyingi anakuwa anaukandamiza uzi huu nyuma yake.

Ndiyo sababu nakuambia kazi yako inaanzia nyuma, na inaanza kabla hujanunua chochote. Fungua buti mchana penye mwanga mzuri. Ondoa zulia la ubavuni upande wa kushoto. Halijafungwa kwa nguvu, lina vibanio vya plastiki, nawe vitoe kwa kabari ya plastiki, siyo bisibisi. Nyuma yake tafuta visanduku vya chuma vyenye plagi kubwa ya waya na plagi ndogo yenye nyuzi mbili za rangi ya chungwa. Hizo mbili ndizo mlango wa kuingilia na wa kutokea. Piga picha ya kila lebo, namba zote zisomeke. Shika zulia na chuma cha chini kwa kiganja. Ukihisi unyevu, acha habari ya redio kwanza, tafuta maji yanapopenya, maana mpira wa taa ya nyuma ukichoka maji huteremka hapohapo kwenye vifaa hivyo.

Kwenye W211 nyingi utakuta kisanduku kimoja kinachobeba tuna ya redio na amplifaya ya kawaida. Lenye Harman Kardon kama lako lina amplifaya ya ziada ya mfumo ule wanaouita Logic7. Tazama pia waya wa antena. Antena za gari hili zimechorwa kwenye kioo cha nyuma, na waya wake mara nyingi unaishia hukohuko kwenye buti, haufiki dashibodi. Kwa hiyo redio yoyote mpya ya mbele itataka waya wa antena wa mita tano au sita upite chini ya zulia mpaka mbele. Muulize fundi wako amepanga kuupitisha wapi. Jibu lake litakuambia kama ameshawahi kulifungua gari la namna hii.

Sasa njia zilizopo. Ya kwanza ni kuiacha redio ya Mercedes mahali pake na kuongeza moduli ya Bluetooth inayoingia kwenye duara la mwanga. Moduli hiyo inajitambulisha kwa redio kama kibadilisha CD. Ukichagua CD, unachosikia ni simu yako. Sauti inapita kwenye amplifaya ileile ya Harman Kardon bila kugusa waya wa spika, vitufe vya usukani vinaendelea kuruka wimbo, na hakuna kinachokatwa. Unachokosa ni skrini ya kisasa na kamera ya nyuma. Ukiinunua, hakikisha imeandikwa kwamba ni ya MOST na ya W211. Magari ya kabla yake, kama W210 za mwisho na S-Class za mwanzo za W220, nayo yanatumia mwanga lakini kwa mfumo mwingine uitwao D2B, na moduli ya huku haiongei na ya kule.

Ya pili ni hiyo Android, lakini inayokuja na kisanduku cha kugeuza sauti kuwa mwanga. Redio mpya inatoa sauti kwa waya wa kawaida, kisanduku kinaigeuza na kuiingiza kwenye duara, na amplifaya ya zamani inaendelea kufanya kazi. Hii ni njia nzuri kikiwa kisanduku chenyewe ni kizuri. Kikiwa hafifu utasikia mchuruziko mwembamba ukizima muziki, au sauti itachelewa kuja sekunde kadhaa kila unapowasha gari, au itakatika ukigonga tuta. Usikilize gari ambalo fundi ameshafunga kisanduku hichohicho kabla ya kulipa. Na ujue kwamba ukurasa wa redio kwenye dashibodi, pale katikati ya saa ya mwendo panapoonyesha jina la stesheni, kwa kawaida utabaki mtupu.

Ya tatu ni kuachana na amplifaya ya zamani kabisa: Android mbele, waya mpya mpaka kwenye buti, na waya za spika zinatolewa kwenye plagi ya amplifaya na kuungwa na hizo mpya. Hii ndiyo anayoweza kuishia nayo fundi wako akishagundua kwamba plagi ya mbele haina spika. Inafanya kazi, na nimeifanya kwa watu ambao amplifaya yao ilikuwa imekufa kwa maji. Lakini hapa ndipo ninapojibu swali lako la pili, kama muziki utakuwa mzuri kuliko wa sasa. Kwa njia hii, bila amplifaya mpya, utakuwa mbaya zaidi.

Nitakuonyesha kwa hesabu. Kwenye boksi la Android utasoma wati 50 mara nne, mengine hata 60. Gari likiwa linawaka, umeme wake ni kama volti 14.4. Chipu ya sauti iliyo ndani ya redio haina kifaa cha kuupandisha umeme huo, inatumia uliopo. Kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), volti hizo zinakupa kama wati 20 safi kwa kila spika. Ili utoe wati 50 safi kwenye omu 4 unahitaji kilele cha volti 20, na gari halina volti 20. Ukiongeza sauti kupita hapo, mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakuwa ya kukwaruza, na spika ndogo za juu zinaungua. Amplifaya ya kweli kwa kawaida ina sehemu ya ndani inayopandisha volti kwanza, ndiyo maana ni nzito na ndiyo maana inapata joto. Ukiiacha Harman Kardon ikakaa bure kwenye buti ukaendesha spika kwa chipu ya Android, unakuwa umeacha ng'ombe zizini ukaenda kununua maziwa ya pakiti.

Na kuna hatari nyingine kwenye njia hiyo. Spika za magari ya kifahari haziko zote kwenye omu 4. Watengenezaji wengine wanatumia za omu 2 au chini yake kwa sababu amplifaya yao imeundwa kwa hizo. Chomoa spika kwenye waya, weka mita kwenye omu, gusa miguu yake miwili. Spika ya omu 4 itasoma kama 3 na nusu hivi. Ikisoma chini ya 2, usiiunge kwenye redio iliyoandikwa omu 4, itaipasha moto mpaka ife. Pia usikubali waya hasi wa spika ufungwe kwenye bodi ya gari. Watu walizoea hivyo kwenye redio za zamani sana. Kwenye redio za leo waya zote mbili za spika zina umeme, na kuugusisha mmoja kwenye bodi kunaua chipu papo hapo.

Kuhusu FM. Japani wametenga 76 mpaka 90 kwa FM, baadaye wakaongeza hadi 95. Sisi tunatumia 87.5 mpaka 108. Ndiyo maana wewe unapata kijisehemu tu kule mwisho. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa kwenye waya wa antena, mafundi wanakiita ekspanda, nacho hushusha masafa. Kikiwa cha 20, stesheni ya 98.5 utaikuta kwenye 78.5. Kabla hujakinunua, andika stesheni unazosikiliza kwenye safari zako, kisha toa namba ya kifaa kwenye kila moja uone kama zinaangukia kati ya 76 na 90. Hakiwezi kukupa zote, maana dirisha la redio yako lina upana wa 14 tu na letu lina zaidi ya 20. Sauti nayo si safi kama ya redio iliyotengenezwa kwa masafa yetu. Kama redio ya kawaida ndiyo maisha yako barabarani, hapo Android inashinda kwa haki.

Lakini Android nayo ina ugonjwa wake wa FM kwenye Mercedes, na wateja wengi wanauleta kwangu kama ubovu wa redio. Antena ya kioo cha nyuma ina kikuza mawimbi kidogo, nacho kinataka volti 12. Redio ya zamani ilikuwa inakipa. Fundi akichomeka waya wa antena peke yake, kikuza mawimbi kinabaki kimelala, na mjini unasikia kidogo lakini ukitoka tu nje ya mji ni mvumo mtupu. Kinachotakiwa ni adapta ya antena yenye waya wa umeme, wa bluu kwa kawaida, uungwe kwenye waya wa bluu wa redio. Adapta ni ndogo kama kidole. Iulizie kwa jina: adapta ya Fakra yenye umeme.

Sasa jambo linalonifanya nikuandikie kwa urefu huu, maana mengine yote ni starehe na hili si starehe. Ni betri.

Kwenye magari mengi ya zamani kuna waya unaopata moto ukiwasha swichi, na redio inauona. Kwenye W211 redio inaamshwa na kulazwa kwa ujumbe unaopita kwenye waya za mawasiliano za CAN. Ndiyo maana Android ya gari hili inakuja na kisanduku kidogo kinachosoma ujumbe huo na kutoa moto wa swichi. Kisanduku hicho kikiwa si cha gari lako, au fundi akikiruka na kuchukua moto kwenye waya wowote alioukuta na umeme, redio hailali. Skrini inazima, wewe unafunga milango unaenda kulala, na ndani yake bado kuna kitu kinakula. Tuseme kinakula nusu ampea. Kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Betri yako kubwa, kama ni ya ukubwa wa kawaida wa gari hili, ina 95 hivi. Siku ya nne imeshapoteza nusu. Ukisafiri wiki moja ukaliacha gari nyumbani, haliwaki.

Kwa gari jingine hiyo ni kero ya kuomba umeme kwa jirani. Kwako ni zaidi. W211 ya 2005 ina breki za SBC, zile ambazo mguu wako unatoa amri na pampu ya umeme ndiyo inayokandamiza. Mercedes waliziondoa kwenye gari hili walipolifanyia marekebisho mwaka 2006, lakini lako linazo. Umeme ukiwa dhaifu zinatoa onyo jekundu, na zikishindwa kabisa unabaki na breki za magurudumu ya mbele tu, pedali ikizama chini sana na kutaka nguvu nyingi. Mtu aliyefunga redio ovyo kwenye gari hili amegusa breki bila kujua.

Kwa hiyo baada ya kufungwa redio yoyote, siku hiyohiyo, kabla hujamaliza kulipa, kipimwe kinachokula betri. Betri kubwa iko nyuma, chini ya sakafu ya buti. Buti ikiwa wazi, sukuma kitasa chake kwa bisibisi kijifunge, ili gari liamini kwamba limefungwa. Funga milango kwa rimoti, peleka ufunguo mbali, na msubiri nusu saa au zaidi mpaka kila kifaa kilale. Nzuri ni mita ya kubana, inayozungushwa kwenye waya wa betri bila kuchomoa kitu. Isome: ikiwa chini ya ampea 0.05, yaani miliampea 50, shukuru Mungu na lipa. Ikiwa 0.3 au 0.5, chomoa fyuzi ya redio mpya na utazame kama namba inaanguka. Ikianguka, mwizi umempata. Kama mna mita ya kawaida tu ya kuunga katikati ya waya, mtu asifungue mlango wakati wa kupima. Ukifungua mlango pampu ya SBC inaamka, inavuta umeme mwingi, na fyuzi ya mita inakatika.

Siku ya kazi yenyewe, mambo machache. Betri ichomolewe kabla ya kugusa plagi, swichi ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Ikirudishwa, taa ya ESP, mfumo unaozuia gari kuteleza, inaweza kubaki imewaka. Washa gari, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, nayo itazima. Vioo vikisahau kupanda vyenyewe, pandisha kila kimoja na ushikilie kitufe kidogo kikishafika juu. Plagi zozote za njano zisiguswe, hizo ni za mifuko ya hewa. Ule ubao wa mbao unaozunguka gia una miaka ishirini, na plastiki iliyo chini yake imekauka kwa joto. Ufunguliwe asubuhi gari likiwa limekaa kivulini kisha likapashwa joto kidogo kwa hewa ya ndani, na uinuliwe kwa kabari za plastiki kutoka pande mbili kwa pamoja. Nimeona ubao kama huo ukipasuka kwa bisibisi moja, na kuupata mwingine wa rangi ileile si kazi rahisi.

Ikibidi kuweka amplifaya mpya, gari lako lina bahati moja: betri iko kwenye buti, kwa hiyo waya mkubwa hauna haja ya kutoka mbele. Hata hivyo fyuzi lazima iwe karibu na betri, ndani ya nusu mita, maana kazi yake ni kulinda waya usiwashe moto ukigusa chuma. Waya nao ukwangue kwa kisu. Ukiona wekundu ni wa juu tu na ndani ni mweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na itataka uwe mnene zaidi kwa kazi ileile. Athi ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka liking'ae. Na kabla ya kurudisha milango, chukua betri ndogo ya volti 1.5 ya rimoti, gusisha kwenye waya za kila spika mara moja, chanya kwa chanya. Spika zote zitoke nje kwa pamoja, hakuna inayoingia ndani. Moja ikiwa kinyume, besi inapotea na hutajua imekwenda wapi.

Ningekuwa mimi, na gari ni la mzee, ningefunga moduli ya Bluetooth kwenye duara la mwanga na kuiacha redio ile ikae ilipo. Simu yako itakupa ramani inayoijua Moshi, itakupa redio za mtandaoni, na Harman Kardon itaendelea kuimba. Kama kamera ya nyuma ni lazima, au nyumbani kuna wanaotaka FM saa zote, chukua Android yenye kisanduku cha mwanga, na mkubaliane na fundi kabla hajashika kabari: hakukatwi waya hata mmoja, kila kiungo kinaingia kwa plagi, na redio ya zamani unarudishiwa mkononi pamoja na skrubu zake. Iviringe kwenye kitambaa, ziba matundu ya mwanga kwa vifuniko vyake, uiweke kabatini. Akikataa masharti hayo, tafuta mwingine, hata kama ni wa Arusha.

Ukishafungua buti, nitumie picha za lebo na ya hizo nyuzi za rangi ya chungwa. Nitakuambia ni moduli ipi inaingia.